Maisha ya Kila Siku Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni Wazungumzaji wa Kiswahili

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu waliofika Ufaransa kusoma, kufanya kazi au kuungana na familia zao, wakitokea Afrika Mashariki, mashariki mwa Kongo na visiwa vya jirani. Majibu yanahusu Ufaransa ya Ulaya. Sheria zimetajwa pale tu zinapogusa mwenendo wa kila siku, na palipo na jambo linalotofautiana kati ya mkoa na mkoa, limeelezwa hivyo.

## Salamu na namna ya kuwaita watu

1. Je, ni kweli kwamba lazima nisalimie kabla ya kuuliza chochote?

Ndiyo, na hakuna kanuni nyingine katika ukurasa huu inayoizidi hii kwa uzito. Anayeingia kwenye duka la mikate, duka la dawa, posta, chumba cha kusubiria kwa daktari au lifti ya jengo analoishi husema *bonjour*, na kuanzia jioni husema *bonsoir*; dereva wa basi naye husalimiwa na abiria anayepanda. Salamu hutangulia, swali hufuata. Anayemwendea mhudumu na kuanza moja kwa moja kuulizia bei au njia ya kwenda stesheni hujibiwa kwa ubaridi, na mara nyingine mhudumu humkatiza kwa *bonjour* yenye mkazo, kisha akasubiri arudishiwe. Wageni wengi huuona ubaridi huo kuwa ni chuki dhidi yao, ilhali mhudumu anaamini kwa dhati kwamba yeye ndiye aliyevunjiwa heshima kwanza.

Msomaji aliyelelewa Pemba, Mombasa au Bukavu hahitaji kufundishwa thamani ya salamu. Anachopaswa kuzoea ni ufupi wake. *Ça va ?* haiulizi habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Hujibiwa *ça va, et vous?* na mazungumzo yakaendelea. Aidha, mtu husalimiwa mara moja kwa siku: mwenzako wa kazini uliyemsalimia asubuhi, ukimwambia *bonjour* tena mchana, ataona kwamba hukumbuki kuwa mlikwisha kuonana. Wakati wa kuondoka huagwa pia, kwa *au revoir* na *bonne journée*, hata kama hukununua kitu.

2. Nimwite vipi mtu mzima nisiyemfahamu, ikiwa hakuna shikamoo na siwezi kumwita mama au baba?

*Madame* na *Monsieur* ndiyo maneno yanayobeba heshima hiyo, na yanapofuata salamu (*bonjour Madame*) yanatosha kabisa. Kumwita mwanamke mzee usiyemfahamu "mama" au "bibi", hata kwa nia njema, humkumbusha umri wake mbele ya watu, na wengi hawapendi. Jina la kwanza nalo hutumiwa baada ya mwenyewe kuruhusu.

3. Nitajuaje wakati wa kutumia *vous* na wakati wa kutumia *tu*?

Yote mawili humaanisha "wewe": *vous* ni ya heshima, *tu* ni ya watu waliozoeana. Anza na *vous* kwa kila mtu mzima usiyemfahamu, kwa mwalimu, daktari, karani, jirani na mkuu wako wa kazi. Watoto, jamaa na marafiki huambiwa *tu*, na wanafunzi huambiana hivyo tangu siku ya kwanza. Katika ofisi nyingi wafanyakazi wote hutumia *tu*, lakini mgeni husubiri aambiwe *on peut se tutoyer* (tunaweza kuitana *tu*), na anayetoa ruhusa hiyo kwa kawaida ni mwenye umri au cheo kikubwa zaidi. Kukosea kwa kuzidisha heshima husamehewa papo hapo; kukosea kwa kuipunguza hukumbukwa.

4. Je, nalazimika kubusiana mashavuni na watu?

Hulazimiki. *La bise* ni kugusanisha mashavu huku midomo ikitoa sauti ya busu hewani, na hufanywa baina ya jamaa na marafiki, si kwa karani wala kwa mwenye nyumba. Paris kwa kawaida ni mara mbili, sehemu za kusini mara tatu, na ziko sehemu ambako hufika nne; anayeongoza ni mwenyeji. Tangu janga la Uviko-19 watu wengi wameipunguza, na anayetaka kuiepuka hunyoosha mkono mapema kabla shavu halijasogea. Kwa wasiopeana mikono na watu wa jinsia nyingine, tazama swali la 17.

## Saa, miadi na kutembeleana

5. Wafaransa wanaposema *quatorze heures*, kwetu ni saa ngapi?

Ni saa nane mchana. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane na hutumia saa 24: 8h ni saa mbili asubuhi, 14h ni saa nane mchana, 19h30 ni saa moja na nusu jioni. Makosa hutokea zaidi kwenye simu, mtu anapogeuza hesabu kichwani huku anasikiliza lugha ya kigeni. Nashauri miadi iandikwe palepale kwa tarakimu za Kifaransa, bila kuigeuza.

Jambo la pili ni kwamba saa zenyewe hubadilishwa: Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Anayetoka karibu na ikweta, ambako magharibi haisogei sana mwaka mzima, hushangazwa na jua la Juni linalozama Paris karibu saa nne usiku. Ratiba za futari na za watoto kulala hubidi zipangwe upya.

6. Naweza kumtembelea jirani au rafiki bila kumwarifu?

Kwa kawaida, hapana. Hili ndilo linalowaumiza wageni wetu kuliko mengine, kwa sababu tumezoea kwamba hodi hujibiwa karibu, na mlango usiofunguliwa ni habari mbaya. Nchini Ufaransa nyumba ni mahali pa faragha, na heshima kwa mwenye nyumba huonyeshwa kwa kumwachia nafasi ya kujiandaa. Ujumbe mfupi wa simu siku mbili kabla unatosha kwa rafiki. Kwa mtu ambaye hamjazoeana, mwaliko wa chakula hupangwa wiki moja au zaidi mapema. Asiyekualika nyumbani kwake kwa miezi kadhaa huenda anakupenda sana na anaridhika kukutana nawe mkahawani. Mwaliko wa nyumbani huja polepole, lakini ukija una uzito.

Miadi ya ofisi, daktari na benki huhitaji kufika kwa wakati, na asiyeweza kufika hupiga simu kufuta. Miadi ya chakula cha usiku ina kanuni yake, iliyoelezwa katika swali la 8.

7. Kwa nini nakuta maduka yamefungwa?

Maduka mengi hufungwa Jumapili, na yale ya chakula mengi hufunga mchana wake. Maduka madogo mengi hupumzika Jumatatu pia, na katika miji midogo hufungwa saa za chakula cha mchana. Mwezi Agosti familia nyingi huwa likizoni, kwa hiyo hata duka la mikate au daktari wako anaweza kuwa hayupo kwa wiki mbili au tatu. Tarehe 1 Mei karibu kila kitu husimama.

## Mezani

8. Nimealikwa chakula cha usiku. Nifike saa ngapi, nichukue nini?

Fika dakika kumi hadi kumi na tano baada ya saa uliyotajiwa. Kufika mapema ni kosa, kwa maana mwenyeji huenda bado yuko jikoni, na kuchelewa zaidi ya hapo bila kutoa taarifa ni kosa kubwa zaidi. Usilete mtu ambaye hakualikwa, hata ndugu aliyefika jana, bila kuuliza kwanza. Chakula hupikwa kwa idadi ya walioalikwa, na viti vyenyewe huwa vimehesabiwa.

Zawadi ni maua, chokoleti, au divai kwa anayeinunua. Epuka maua ya krisanthemu, kwa sababu ndiyo yanayowekwa makaburini siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Kitu kutoka nyumbani, kama chai, kahawa, korosho au viungo, hupokelewa kwa furaha ya kweli na hufungua mazungumzo. Viatu huvuliwa katika baadhi ya nyumba tu, basi mtazame mwenyeji.

9. Chakula chenyewe huendaje, na nichunge nini?

Mlo wa kukirimu wageni huenda kwa mpangilio, na mwaka 2010 UNESCO iliuweka mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Hutangulia vinywaji na vitafunio sebuleni, ambavyo havipaswi kukushibisha; hufuata chakula cha kwanza, chakula kikuu, jibini, kisha kitindamlo na kahawa. Kaa tayari kwa saa tatu au nne. Hakuna anayeanza kula kabla ya mwenyeji, mikono yote miwili huonekana juu ya meza, na mkate huwekwa moja kwa moja kwenye kitambaa cha meza, ukamegwa kwa mkono. Jibini huchukuliwa mara moja tu, na kipande cha pembetatu hakikatwi ncha, kwa sababu anayeikata anajichukulia sehemu iliyo tamu kuliko zote.

Lipo jambo moja ambalo limewaacha wageni wengi na njaa. Kwetu mgeni hukataa kwanza kwa adabu, mwenyeji husisitiza, kisha mgeni hukubali. Mwenyeji wa Kifaransa akisikia kukataa huamini na kuipitisha sahani kwa mwingine, maana kusisitiza kungekuwa kumlazimisha mgeni. *Merci* (asante) peke yake, ikiambatana na mkono unaozuia, nayo huchukuliwa kuwa ni hapana. Ukitaka, sema *avec plaisir* (kwa furaha) mara ya kwanza, na usibakishe chakula ulichojipakulia mwenyewe.

Mabishano mezani kuhusu siasa, filamu au vitabu ni sehemu ya burudani, na sauti zikipanda hakuna ugomvi. Yanayokwepwa ni maswali juu ya mshahara, bei ya nyumba, dini ya mtu, na kwa nini hajaolewa au hajazaa.

10. Sili nguruwe na sinywi pombe. Nitawaudhi wenyeji?

Hutawaudhi ukisema mapema, siku ile ile unayokubali mwaliko, kwa sentensi moja isiyo na maelezo marefu. Kinachomsikitisha mwenyeji ni kugundua mezani kwamba aliyoyaandaa hayaliki. Nguruwe hujificha katika vipande vidogo ndani ya saladi na pai, na divai hutumiwa katika michuzi, kwa hiyo taja vyote viwili. Nyama ya halali hupatikana kwa urahisi katika miji mikubwa. Anayetafuta muhogo, ndizi za kupika na majani ya kupikia atavipata katika mtaa wa Château Rouge huko Paris, au katika soko la Noailles huko Marseille, mji wenye jumuiya kubwa ya Wakomoro ambao lugha yao ni ya karibu sana na Kiswahili.

11. Mkahawani nilipe bakshishi kiasi gani?

Huduma imekwisha kuhesabiwa katika bei, kwa hiyo bakshishi si lazima. Aliyeridhika huacha sarafu chache. Mkate na jagi la maji ya bomba (*une carafe d'eau*) havilipiwi wakati wa mlo, ila lazima uyaombe maji hayo kwa jina lake, la sivyo utaletewa chupa ya kununua. Majiko mengi hupika kati ya saa sita na saa nane mchana, kisha hufunga hadi saa moja jioni. Mhudumu haleti hesabu mpaka aombwe, kwani kuileta mapema kungekuwa kumfukuza mteja.

## Majirani, karatasi na afya

12. Majirani wanalalamikia kelele zetu. Kuna kanuni?

Ipo. Kelele za kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi huitwa *tapage nocturne* na huweza kutozwa faini, na hata mchana kelele zilizozidi ni kosa. Kutwanga kwenye kinu, kuhamisha fanicha na ngoma ya harusi husikika kwa jirani wa chini kama vile yumo chumbani humo. Anayetarajia wageni wengi, iwe kwa maulidi, harusi au kumpokea mtoto, hubandika karatasi karibu na lifti siku chache kabla, akitaja tarehe, saa ya kumaliza na namba yake ya simu. Tendo hilo dogo huzuia malalamiko mengi, ingawa haliondoi sheria. Kwa hafla kubwa ni afadhali kukodi ukumbi.

13. Kwa nini kila ofisi inanidai karatasi zilezile, na hundi bado inatumika?

Utawala wa Ufaransa huamini kilichoandikwa. Karatasi zinazorudiwa ni kitambulisho, uthibitisho wa makazi (*justificatif de domicile*) usiozidi miezi michache, maelezo ya akaunti ya benki (*RIB*) na cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Hifadhi nakala za kila kitu, zikiwemo hati za mshahara, ambazo hutakiwa hata wakati wa kudai pensheni. Jambo zito, kama kuvunja mkataba wa nyumba, huandikwa kwa barua ya rejista yenye uthibitisho wa kupokelewa. Mwenye viza ya muda mrefu ya aina ya VLS-TS aithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu afike. Kutofanya hivyo ni kosa gumu kulirekebisha.

Hundi hutumika hasa kwa dhamana ya nyumba na michango ya shule au vyama. Huweza kupelekwa benki siku yoyote baada ya kuandikwa, hata kama mlikubaliana kusubiri, na hubaki halali kwa mwaka mmoja na siku nane. Hundi isiyo na fedha nyuma yake humfanya mwandishi azuiwe kuandika nyingine, kwa muda unaoweza kufika miaka mitano asipolipa.

14. Nimwone daktari yupi nikiugua?

Chagua daktari mmoja wa kawaida na umtangaze kuwa *médecin traitant* wako. Bima ya afya ya taifa hurudisha asilimia 70 ya gharama ya kumwona. Asiyemtangaza yeyote hurudishiwa asilimia 30. Dawa za antibayotiki kwa kawaida haziuzwi bila cheti cha daktari, lakini mfamasia hushauri bure kwa maradhi madogo. Kwa dharura ya kiafya piga 15, kwa zimamoto 18, kwa polisi 17, na 112 hufanya kazi Ulaya nzima. Ving'ora unavyosikia adhuhuri ya Jumatano ya kwanza ya mwezi ni majaribio ya kawaida, usivihofu.

## Watoto na dini

15. Shule inatarajia nini kwa mzazi, na vipi kuhusu adabu nyumbani?

Tangu Septemba 2019 mtoto hulazimika kuanza shule akiwa na miaka mitatu. Mzazi humwacha mlangoni, humchukua kwa wakati, na husoma na kutia sahihi kila siku inapobidi daftari la mawasiliano, kwani mwalimu huona ukimya kuwa kutojali. Mtoto akialikwa siku ya kuzaliwa ya mwenzake, mwaliko ni wake peke yake, si wa nduguze, na saa ya kumchukua huheshimiwa.

Sheria ya tarehe 10 Julai 2019 inasema kwamba malezi hufanywa bila ukatili wa kimwili wala wa kisaikolojia. Kumchapa mtoto, hata kwa nia ya kumfunza, hakukubaliki, na mwalimu anayeona alama ana wajibu wa kutoa taarifa. Naliandika hili bila kuzunguka kwa sababu nalijua pengo lililopo kati ya malezi hayo na ya wengi wetu, na familia inayolijua mapema hujiepusha na majonzi makubwa. Mzazi anayezidiwa anaweza kuomba msaada. Namba ya 119 hupokea simu kuhusu watoto walio hatarini, na wazazi wenye shida nao husikilizwa.

16. Naweza kuvaa hijabu, buibui au kanzu?

Barabarani, madukani, katika usafiri na kwa wanafunzi wa chuo kikuu, ndiyo. Mipaka hutokana na sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenga dini na serikali, na zile zilizofuata. Mtumishi wa umma haonyeshi dini yake kazini. Mwanafunzi wa shule ya serikali, tangu sheria ya Machi 2004, havai alama za dini zinazojionyesha, na kuanzia Septemba 2023 abaya nazo zimepigwa marufuku humo. Kufunika uso hadharani kumekatazwa kwa sheria ya Oktoba 2010, na faini hufika euro 150, kwa hiyo nikabu haivaliwi. Mwajiri binafsi anaweza kuwa na kanuni ya kutoegemea dini katika masharti yake ya kazi. Isome kabla ya kutia sahihi. Picha za vitambulisho hupigwa kichwa wazi.

17. Nifanye nini ikiwa sipeani mikono na jinsia nyingine?

Kwa marafiki na majirani, mkono kifuani, tabasamu na *bonjour* iliyo wazi hueleweka, hasa ukiwafanyia hivyo watu wote. Kazini ni vigumu zaidi, kwani kumpa mkono mmoja na kumnyima mwingine huonekana kuwa dharau. Katika hafla rasmi lina uzito wa kisheria: mwaka 2018 Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, iliunga mkono uamuzi wa kumnyima uraia mwanamke aliyekataa kuwapa mikono viongozi wanaume katika hafla ya kupokea uraia.

## Yasiyo ya kawaida

18. Natoka Kongo au Burundi na Kifaransa nakijua. Kwa nini bado sieleweki?

Zaidi ni tarakimu: *septante* na *nonante* za nyumbani huku ni *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*, na namba za simu hutajwa mbilimbili. Kingine ni kwamba anayezungumza vizuri hudhaniwa kuijua desturi pia, kwa hiyo makosa yake husamehewa kwa shida kuliko ya asiyejua lugha.

19. Jirani Mfaransa amefiwa, au tumefiwa sisi. Tufanyeje?

Kwa jirani, andika kadi fupi ya pole na uhudhurie mazishi ikiwa yametangazwa; usiende kukaa nyumbani kwake bila kuitwa, lakini kuuliza kama anahitaji chochote kunapokelewa vyema. Mkifiwa ninyi, mazishi hayawezi kufanyika kabla ya saa 24 kupita, na matanga ya watu wengi katika ghorofa yanahitaji tahadhari iliyoelezwa katika swali la 12.

20. Nitatofautishaje desturi na ubaguzi?

Desturi humgusa kila mtu kwa namna moja: asiyesalimia hujibiwa vibaya, awe Mfaransa au mgeni. Ukisalimia, ukafika kwa wakati, ukaleta karatasi zote, na bado mwenye nyumba akasema chumba kimekwisha kukodishwa huku akimwonyesha mwingine, hilo ni suala jingine, na kumnyima mtu nyumba au kazi kwa sababu ya asili, rangi au dini ni kosa la jinai. Usijilaumu kwa kutojua adabu pale unapodhulumiwa. Hifadhi ujumbe, tarehe na majina ya walioshuhudia, kisha uwasiliane na *Défenseur des droits*, taasisi ya umma yenye wawakilishi nchini kote, ambayo haitozi chochote. Namba yake ya malalamiko ya ubaguzi ni 39 28.